Iache

Neno lenyewe lina silabi tatu tu. Nilimwambia yule binti mpya wa bendi yetu Jumanne kwenye mazoezi, na leo ni Jumapili, bado sijapata usingizi wa maana.

Ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa anakaza ngozi za dramu zake, mimi nimeinama natafuta ule waya wa besi unaokatakata sauti, binti akasogea hadi kwenye stendi ya maiki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale, maana wiki zote za mwanzo alikuwa anapiga gitaa tu, kama nilivyowasimulia. Akaitazama. Akaweka vidole kwenye ile ringi ya kukazia, lakini hakuizungusha. Akasema, "Dada, naomba niishushe kidogo?"

Nikasema, "Iache."

"Sawa, dada."

Basi. Hakuna aliyepaza sauti. Mjomba akahesabu kwa vijiti, tukaanza. Nyimbo 9, dakika 22, na zote aliziimba ameinua kidevu kama kuku anayemeza maji, mishipa ya shingo imemtoka. Kufika wimbo wa sita akawa anasimamia vidole vya miguu. Mpiga gitaa yeyote atakwambia kwamba huwezi kukanyaga pedali huku umesimamia vidole. Kwa hiyo kila kiitikio kilipokaribia alishuka, akakanyaga, akapanda tena. Niliyaona yote hayo nikiwa hatua mbili kutoka kwake, wala sikufungua mdomo.

Mnajua Mrefu, marehemu mwimbaji na mpiga gitaa wetu, alivyokuwa. Milangoni aliinama kabla hajaufikia mlango. Tangu aondoke ni miezi 14, na kwa miezi yote hiyo ile stendi imebaki pale pale alipoiacha yeye. Hatukukaa kikao tukakubaliana. Mimi sikuigusa, Mjomba hakuigusa. Tukiihamisha tunaibeba hivyo hivyo bila kuikunja, kwenye gari inalala kuanzia kioo cha nyuma hadi katikati ya viti vya mbele, na anayekaa mbele anasafiri na chuma kiwikoni. Nilidhani huko ndiko kumtunza.

Nimelirudia lile neno kwa kila namna. Nikiosha vyombo nalitamka kwa upole, "iache", kama mtu anayesema usijisumbue. Nikiwa njiani nalitamka kwa uchovu. Kisha linanijia kama unavyomwambia mtoto aliyeshika kisu, na hapo moyo unanidunda, kwa sababu naamini ndivyo lilivyotoka. Wiki hii Mama amehamia kwangu moja kwa moja, na kazini wamenipa ile nafasi niliyoiomba tangu mwaka juzi, lakini nilipoitwa kupokea barua nilikuwa nakiwaza kidevu cha yule binti.

Na ile "sawa" yake. Ilikuja haraka mno. Kama angeuliza kwa nini, ningepata nafasi ya kueleza, au hata ya kugombana naye. Hakuuliza. Alijibu kama mtu aliyekwisha kujiandaa kwamba humu ndani ataambiwa asiguse.

Usiku nikikosa usingizi nimekuwa nikizirudia habari za bendi nyingine zilizofiwa. Nyingi nilizisikia kwa Mrefu mwenyewe, yeye alikuwa anazihadithia kama watu wengine wanavyohadithia mechi. Kwa mfano The Ruts wa Uingereza. Mwimbaji wao, Malcolm Owen, alikufa Julai 1980 kwa heroini, waliobaki wakaendelea kwa jina la Ruts D.C. Hizo herufi mbili ni da capo, maneno ya Kiitaliano ambayo wanamuziki huyaandika kwenye nota: rudi mwanzo. Miaka mingi niliyaelewa kama kuanza upya, ukurasa mweupe. Wiki hii nimeyafikiria vizuri zaidi. Anayeambiwa da capo hapewi wimbo mpya. Anarudi mwanzo wa wimbo ule ule, anaupiga tena, na safari hii anajua unakoelekea.

Halafu Minutemen wa Marekani, ambao kwangu ndio wanaouma kuliko wote. D. Boon, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alikufa tarehe 22 Desemba 1985 katika ajali ya gari huko Arizona, ana miaka 27. Mike Watt, mpiga besi, alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na baada ya msiba ule hakutaka tena muziki. Akatokea kijana mmoja shabiki wao, Ed Crawford, akasafiri kutoka Ohio hadi California kuwatafuta Watt na mpiga dramu, George Hurley, akawabembeleza wapige naye. Mwaka 1986 wakawa bendi nyingine, fIREHOSE.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, hata hapa, na kila mara nimeisimulia nikiwa upande wa Watt. Ni kawaida, napiga besi, na mimi ndiye niliyefiwa. Usiku wa Alhamisi, kwa mara ya kwanza, nilimfikiria Crawford. Nilimfikiria anabisha hodi kwa watu wenye msiba, amekuja na gitaa, nyimbo zote za marehemu anazijua kwa moyo, na kila anapoweka mguu anahofia amekanyaga mahali pa mtu. Yule binti naye alikuwa anasimama mstari wa mbele kila tulipopiga. Nyimbo zetu alizijua kabla mimi sijajua jina lake.

Ijumaa baada ya kazi nilipitia chumba cha mazoezi peke yangu. Nilijiambia nafuata waya. Nikawasha taa, ile stendi imesimama katikati, maiki juu kabisa. Nikaisogelea nikaishika ile ringi jinsi binti alivyoishika. Juu yake kidogo kuna tepu nyeusi ya umeme, alama ya Mrefu, hiyo tunaijua sote. Lakini vidole vyangu vikapita kitu kingine juu zaidi, kama shubiri moja hivi. Nikafuta vumbi kwa upindo wa shati. Tepu nyekundu, imechanika pembeni, na juu yake kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule wa kulala, herufi ya kwanza ya jina langu.

Nilikuwa nimesahau. Jamani, nilikuwa nimesahau kabisa! Ule mwaka wa pili wa bendi, kabla pumzi ya Mrefu haijawa sawa, mimi ndiye niliyekuwa naimba wimbo wa mwisho. Mjomba alikuwa anaendeleza dramu peke yake ili watu wasipoe, na katika mapigo hayo Mrefu alilegeza ringi, akaishusha stendi hadi kwenye nyekundu, akaikaza, akaitikisa mara moja kuhakikisha haichezi, kisha akahamia upande wangu na gitaa lake. Kila onyesho. Sikuwahi kumwomba. Ilikuwa inapanda na kushuka mikononi mwake mwenyewe, mbele ya watu, na mimi nimeigandisha miezi 14 kwa ajili ya heshima yake.

Nikacheka. Kwa sauti, peke yangu mle ndani, machozi yakinitoka, lakini nilikuwa nacheka. Nikakumbuka nilivyobishana na Mrefu habari za Buzzcocks wa Uingereza, mwimbaji wao Pete Shelley alipofariki Desemba 2018 na mpiga gitaa wao Steve Diggle akaamua kuziimba nyimbo yeye. Mimi nilisema bila Shelley hiyo si Buzzcocks tena. Mrefu akanijibu kwamba Shelley mwenyewe alikuwa upande wa gitaa, hadi Howard Devoto, mwimbaji wao wa kwanza, alipoacha bendi mapema mwaka 1977, ndipo akaishika maiki. "Kwa hiyo na yeye alikuwa amesimama pa mtu," akasema. Siku ile sikukubali, na sikumbuki tuliishia wapi.

Ringi ilikuwa imeshika kutu. Niliizungusha mpaka kiganja kikawaka, ikaachia ghafla, na bomba likateremka lote kwa mkupuo hadi chini. Nikaliacha huko chini.

Nilimpigia Mjomba. "Nimeishusha."

Akakaa kimya, nikasikia mtoto wake anacheza nyuma. Kisha akasema, "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Na mimi muda wote nilikuwa namsubiri yeye.

Kumwandikia binti ndiko kulikonitoa jasho. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwisho nikatuma hivi: "Jumanne njoo nusu saa mapema tuipime stendi kwa urefu wako. Nisamehe kwa nilivyokujibu." Jibu halikuchelewa: "Dada, mbona mimi nilijua imeharibika haishuki? Nakuja na tepu, nina ya kijani."

Nimelisoma mara nyingi. Labda kweli alidhani imeharibika. Labda ananisitiri, maana ni mtoto mwenye adabu. Nikimkumbuka alivyoweka vidole kwenye ringi bila kuizungusha, naona alijua vizuri sana. Vyovyote vile, kijani itakaa juu ya nyekundu kwa vidole viwili hivi, nimekwisha kumkadiria. Na zile nyimbo mbili za kasi ambazo tulikuwa tumeziweka kando, nafikiri sauti yake itaziweza, hasa ile inayoanza na besi peke yake. Leo mchana nimeipiga tena na vidole havijaisahau.

Nilitaka kuishia hapo nikalale. Lakini Mama ameniuliza mara tatu jioni hii kama nimefunga mlango wa nyuma. Mara zote tatu kwa maneno yale yale na sauti ile ile, kama hajawahi kuuliza. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, funguo mkononi mwangu. Kesho asubuhi nitampigia dada nimuulize kama alipokuwa kwake ilikuwa hivi.