Mwalimu asubuhi, kuruta jioni

Mjukuu wangu, ambaye jina lake limetoka juzi katika orodha ya vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, aliniuliza kama kweli mtu anaweza kuwa mwajiriwa na askari kwa wakati mmoja. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimkumbuka mlinzi wa shule yetu kule Mwanza, mwishoni mwa mwaka 1978.

Mafunzo ya mgambo hayakuwa mageni. Tangu Mwongozo wa chama tawala cha TANU wa Februari 1971, uliopitishwa wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote wa Uganda, wafanyakazi na wakulima walikuwa wakifundishwa silaha baada ya kazi. Lakini majeshi ya Amin yalipofika Mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, kwata ikawa ya kila jioni. Asubuhi tulifundisha, usiku wa zamu tulilinda, na madaftari tuliyasahihisha kwa koroboi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usionekane kutoka angani. Mshahara ulibaki ule ule wa ualimu.

Mlinzi wetu alikuwa amepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili akiwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, hivyo ndiye aliyekabidhiwa kikosi chetu. Jioni moja tulijipanga katika kiwanja cha mpira, bunduki za mbao begani. Alipotoa amri, "Kulia, geuka!", mwalimu mkuu, ambaye alivaa tai hata kwenye mazoezi, aligeuka kushoto, akatazamana ana kwa ana na mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyecheka, au tuseme hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mlinzi alimsogelea taratibu, mikono nyuma.

"Wewe kuruta, mkono wako wa kulia ni upi?"

Mwalimu mkuu akaunyoosha.

"Haya, ruka kichura mpaka golini."

Nje ya ua wa minyaa, wanafunzi wa darasa la sita waliotoka kuchota maji walikuwa wamesimama na ndoo zao kichwani. Mwalimu mkuu aliutazama ua ule kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu mno, kisha akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni, akachuchumaa. "Ndiyo, afande." Akaruka mpaka golini, na kila kalamu yake nyekundu ilipodondoka kutoka mfuko wa shati aliiokota, akaifuta vumbi, akairudisha, akaendelea kuruka.

Kesho yake asubuhi mlinzi alifungua geti, akavua kofia. "Habari za asubuhi, Mwalimu Mkuu." Akajibiwa, "Nzuri, mzee, za usiku?" Ungedhani watu hawa hawajawahi kukutana kiwanjani.

Sisi tulioshuhudia ndio tuliopata taabu. Kabla ya kengele ya mapumziko tulitakiwa kumpelekea mwalimu mkuu maandalio ya somo ya wiki nzima, ingawa wenzetu wawili walikuwa wametoka zamu alfajiri ile. Langu lilirudi limejaa wino mwekundu kuliko nilivyowahi kuona, na sikuona kosa hata moja ambalo angeweza kulaumiwa kwa kulisahihisha. Mwalimu wa hesabu aliamini mpaka anastaafu kwamba tulilipizwa kisasi. Mimi nilielekea kudhani kwamba mtu yule, baada ya kutii amri jioni, alitaka tu kuona kama za kwake bado zinatiiwa. Ila nakiri kwamba nilimpenda zaidi akiwa kuruta.