Beseni la Maji ya Moto

Maji niliyachemsha mimi. Watu wakiniuliza habari za mguu wa mama huniambia ni mipango ya Mungu, nami huitikia, lakini sufuria niliibandika jikoni kwa mkono wangu.

Ilikuwa 2019, hapa Ngamiani, Tanga. Mama alikuwa analalamika ganzi miguuni, na usiku nyayo zinamwaka moto. Nikafanya tunavyofanya siku zote: maji ya moto, chumvi ya mawe, beseni. Akatumbukiza mguu, akaendelea kuzungumza na jirani, uso hata haukukunjamana. Nilipokuja kumfuta, ngozi ya vidoleni ilibaki kwenye taulo.

"Mama, hukusikia yanaunguza?"

"Mbona yalikuwa ya uvuguvugu, mwanangu."

Mama ana kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka na miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia na ile mirefu inayokwenda nyayoni. Mishipa ya damu nayo husinyaa, ndiyo maana kidonda hakifungi. Haya nimeelezwa nimekaa kwenye benchi, mama ameshakatwa vidole viwili vya mguu wa kulia.

Miezi mitano tulikuwa tunakwenda kufungwa kidonda, siku moja ndiyo, moja hapana. Bajaji kwenda, bajaji kurudi, bandeji tununue wenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Idi ile ilinikuta na madera ya watu hayajakatwa hata kitambaa, nikarudisha pesa za watu. Dada yangu aliacha wanawe Muheza akaja kulala nasi. Mama mwenyewe, aliyetusomesha kwa vitumbua, akawa anasikia harufu ya vitumbua vya mwenzake asubuhi naye yuko kitandani. Siku hizo aligeukia ukutani.

Na dalili tulikuwa nazo mapema. Mama alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, anakunywa maji na kwenda haja ndogo. Sisimizi walikuwa wanaizunguka ndoo yake ya usiku. Tukasema uzee. Alipokuja kupimwa, mashine ilisoma 17. Akapewa metformini, vidonge vya kushusha sukari, akameza, akapata nguvu, akaacha. "Sukari imeshuka, nijaze tumbo vidonge vya nini?" Sikumbishia. Nilidhani dawa ya sukari ni kama ya malaria, ukipona basi. Kumbe mtu anaweza kusikia nafuu kabisa na ugonjwa uko kazini.

Kuna jambo jingine linaniuma hadi leo. Miaka yote ile ya kliniki hakuna aliyewahi kumvua mama viatu. Anatobolewa kidole, anaandikiwa, anaitwa mwingine. Najua foleni ni ndefu na wauguzi wamechoka. Lakini kipimo chenyewe cha ganzi ya miguu, nilipokuja kukiona, ni kijiuzi kigumu cha nailoni! Mgonjwa anafumba macho, muuguzi anagusa unyayo kwa ncha yake, naye aseme akisikia. Mama aliguswa mara kumi, akasema "hapo" mara tatu. Mimi fundi, nimezungukwa na nyuzi maisha yangu yote, nilikaa pale nikalia.

Mimi mwenyewe nilipata sukari ya mimba kwa huyu kitinda mimba wangu. Ilishuka baada ya kujifungua, ila nikaambiwa wazi kwamba mwanamke aliyepitia hilo yumo hatarini kupata kisukari baadaye kuliko wengine. Kwa hiyo kila Novemba napima kabla sijatia kitu mdomoni. Mwaka jana ilisoma 6.3. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7, kwa hiyo bado, lakini usalama nao nimeshautoka. Alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi. Chai nakunywa bila sukari, na huo ndio mtihani, kwa mtu aliyezoea vijiko vitatu. Soda ya kola ya kopo moja ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Harusini sasa naomba maji, na wanaonishangaa nawaeleza.

Kila baada ya Isha mama anakaa kwenye mkeka, ananyoosha miguu. Naweka kioo kidogo chini ya unyayo, binti yangu anamulika kwa tochi ya simu. Natazama kati ya vidole, kimoja kimoja, kama kuna mchubuko au unyevu. Nakung'uta kandambili zake. Juzi imetoka pini yangu ya kushonea. Kisigino nakipaka mafuta, katikati ya vidole sipaki, maana pakilowa panachubuka. Maji ya kumwosha napima kwa kiwiko, nayo ni ya bombani tu.

"Vipi leo?" anauliza mama.

"Salama, bibi," binti yangu anamjibu kabla yangu, tochi bado ameilekeza kwenye kidole gumba.