Yamkini

Neno moja limenikaa kooni tangu Jumanne: yamkini. Ami ndiye aliyelisema, tena kwa upole. Laiti angenifokea.

Kazi yangu ya sasa mnaijua, kupanga miziki ya kupigwa juu ya paa la hoteli. Kila mziki una nafasi tatu za kujaza kwenye orodha: kasi, ki, yaani sauti ya msingi ya mziki, na hali. Jumanne baada ya magharibi nilikuwa barazani kwa Ami, Kikwajuni, nimefikia "So What" ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani. Kasi nikaandika 136 kwa dakika. Ki, D. Hali, huzuni, maana ndivyo simu ilivyosema. Na redio kaseti ya Ami ilikuwa ikiupiga mziki huohuo, kwenye ile kaseti ya albamu ya Kind of Blue aliyokuja nayo marehemu baba kutoka Dubai enzi za ubaharia wake.

Ami akachukua fidla, akaudonoa uzi wa D kwa kidole.

"Hiyo si D. Imepanda."

"Simu inasema D, Ami."

"Wewe wasoma tu, husikilizi."

Walikuwapo vijana wa mtaani, mmoja akacheka. Basi nami nikatoa langu: "Labda fidla yako ndiyo iliyolegea."

Namwambia hivyo mtu aliyepiga taarabu tangu mimi sijazaliwa! Hakunijibu papo hapo. Aliulegeza uta, akaufuta, akaulaza kashani, akafunga vitasa vyote viwili. Ndipo akasema: "Yamkini."

Wiki hii Mwanaisha kaolewa na hoteli imeniongezea mkataba hadi Juni, alhamdulillahi. Lakini hata usiku wa singo, ngoma zikilia, mimi nasikia vitasa vya kasha: tak, tak. Ningesema, "Hebu nisikilize tena, Ami." Maneno manne, wala hayana nauli.

Jana, Ami akiwa msikitini, mkewe akaniazima kaseti na redio yake. Nikaupiga upande wa kwanza pamoja na simu. Kaseti juu, simu chini, zinagombana. Nikasema moyoni, ah, mota ya redio inakimbia. Nikageuza upande wa pili: redio ileile, mota ileile, na "All Blues" ikaenda na simu bega kwa bega. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kumbe miziki mitatu ya upande wa kwanza ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, na mashine ya utepe siku hiyo ilikuwa ikienda polepole kidogo. Utepe ukipigwa kwa mwendo wake wa kawaida, mziki unakimbia na sauti inapanda. Upande wa pili walirekodi Aprili, ukasalimika. Kosa hilo likauzwa dunia nzima zaidi ya miaka 30, hadi miaka ya 1990 waliporekebisha. Na ni kidogo mno, haifiki robo sauti. Ila mtu aliyekulia kwenye maqamu, zile ngazi za sauti za Kiarabu, robo sauti kwake si kitu cha kupotea. Simu nayo haikuisikiliza kaseti hata kidogo, ilisoma jina tu. Kama mimi.

Nikausikiliza upya, simu nimeilaza kifudifudi. Besi la Paul Chambers linauliza, wenzake wanamjibu kwa sauti mbili tu, kama mtu anayesema "kwani nini?" Vipimo 16 wanakaa hapohapo, wanapanda nusu sauti kwa vipimo 8, halafu wanarudi walipotoka. Ni maina, ngazi ya sauti iliyozoeleka kwa huzuni, lakini sauti ya sita hawakuishusha, wenyewe wanaita doriani, ndiyo maana hailii. Huzuni iko wapi hapo? Huyo mtu amekaa barazani anangoja kahawa yake, hana haraka na mtu.

Nimefuta "huzuni". Sijaandika kitu badala yake. Kesho nampelekea Ami kaseti yake, nimpe na kalamu, ajaze mwenyewe.

Mama kapiga simu kutoka Wete sasa hivi. Karafuu ziko juani siku ya pili, na huko mawingu yamefunga tangu alasiri. Majamvi matano, na la kuzifunikia ni turubai moja, tena lile lenye tundu.