Siku Bibi Alipotuongoza Darajani

Baba alikuwa amepanga twende Unguja kuogelea. Tiketi za boti zilishakatwa na mdogo wangu alishaanza kulala na boya lake kitandani, ndipo Bibi aliposema yeye pwani hana haja nayo, anataka Darajani, soko kuu la mjini Zanzibar. Bibi alizaliwa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, akaolewa Dar es Salaam angali msichana. Kila alipoletewa viungo kutoka soko la kwetu alivinusa, akaviweka kando, asiseme neno. Baba hakubishana na mama yake. Ilikuwa Desemba 2012, na siku ile ikawa ya Bibi tangu asubuhi hadi jioni.

Tulipanda boti ya kwanza na kwa muda wa saa mbili hivi tukawa tumeteremka bandarini. Teksi aliikataa. Alitangulia mbele na buibui lake, akakata vichochoro vya Mji Mkongwe pasipo kuuliza mtu njia, sisi tukimfuata mbio mbio, mpaka tukatokea kwenye soko lenyewe. Jengo lile ni la mwaka 1904, zama za Sultan Ali bin Hamud, na ndimo samaki, nyama na kuku vilimokuwa vikiuzwa, huku matunda na mboga vikimwagika nje mpaka barabarani. Bibi alisimama kidogo akatuonyesha lami kwa mkono: "Hapa zamani palikuwa maji. Ukitoka Ng'ambo unavuka daraja ndiyo uingie mjini." Kisha akaingia ndani.

Alianza na samaki, ingawa alijua fika hatutanunua; jua lile na safari ya boti, wangeoza. Alitaka tu kuwaona. Mnadi alikuwa amesimama juu ya jodari na changu waliotandazwa chini, anataja bei kwa kasi hata sikuweza kuifuata, na wanunuzi wanajibu kwa nyusi na vidole. Bibi aliinama kwenye baraza la saruji, akafunua shavu la changu mmoja kwa kidole, akaniita. Matamvua yalikuwa mekundu, yanameta. "Haya ndiyo ya kutazama. Na jicho. Jicho likizama, mwachie mwenyewe." Mwenye samaki alicheka, akasema, "Mama, wewe si mgeni hapa." Nadhani hakuna maneno yaliyomfurahisha Bibi kuliko hayo siku ile.

Kwenye viungo ndiko tulikokaa. Mbele za maduka mengi palikuwa na vikapu vidogo vya ukili, ndani yake pakiti za plastiki zilizopangwa vizuri kwa ajili ya watalii. Bibi alivipita vyote hadi akampata mzee mwenye magunia yaliyofunguliwa midomo. Wakasalimiana, wakaulizana ukoo na mtaa, na hapo Mama akaanza kutazama saa. Mimi sikutaka waharakishe. Bibi alichota karafuu kidogo, akachagua moja yenye kichwa kizima, akaibana kwa ukucha wa gumba. Mafuta yalitoka, yakalowesha ukucha, na harufu ikanipanda puani mpaka macho yakalengwa machozi. Yule mzee hakuona vibaya kupimwa. Yeye mwenyewe alivuta kikombe cha maji, akatia karafuu za gunia lake: nyingine zikazama, nyingine zikasimama wima, vichwa juu. Kutoka kwenye kikopo kando akatia nyingine chache, nazo zikaelea zimelala.

"Hizo zimeshakamuliwa mafuta," Bibi alimwambia Mama. "Unanunua kijiti."

Mzee akatueleza kwamba zake zimetoka Pemba, kunakotoka karafuu nyingi za Zanzibar, na kwamba huchumwa kabla ua halijafunguka, kisha huanikwa juani na kugeuzwa geuzwa mpaka ziwe kahawia. Mama aliacha kutazama saa. Alitoa daftari mkobani akaanza kuandika, na tulipofika kwenye iliki ni yeye aliyepasua kokwa kuona kama mbegu za ndani ni nyeusi na zinanata. Mdalasini alinunua wa magome membamba.

Mchana tulikula urojo kwenye kibanda cha uchochoroni, bakuli la rojo la manjano lenye embe bichi, bajia, kachori, mishikaki na chipsi za muhogo juu yake. Mdogo wangu alilisahau boya. Baba, ambaye nyumbani hugusa chakula kidogo tu akaondoka mezani, alirudia, akamimina na pilipili. Niliwahi kuula urojo mara nyingi baadaye, hata Dar es Salaam, na bado naona wa kwetu unakosa ule uchachu.

Halua ilikuwa ya mwisho. Muuzaji alituonjesha kwa ncha ya kisu, moto moto bado, samli imeng'aa juu yake. Bibi alinunua ya kutosha majirani wote, akasisitiza ifungwe mafungu mafungu ili asije mtu akapewa kipande kilichokatwa mbele yake. Forodhani, bustani ya ufukweni ambako vyakula huuzwa jioni, tuliipita mchana tu. Meza za wauza pweza zilikuwa hazijapangwa na boti haingetusubiri.

Jumapili yake Mama alipika pilau kwa viungo vile, daftari limefunguliwa kando ya jiko. Bibi alionja mchuzi, akaongeza iliki kidogo, akala akaongeza. Alipomaliza alinawa mikono, akamgeukia Baba akamuuliza boti za Januari zinaondoka saa ngapi.