Nilivyomsoma Bécquer kwa masikio ya shairi

Lile shairi la mbayuwayu la Gustavo Adolfo Bécquer, mshairi wa Uhispania, nilikuwa nimelipitia kwa tafsiri mara kadhaa, nisione kwa nini Wahispania wanalighani kwa moyo tangu shuleni. Ndege wanarudi, maua yanachanua, mpenzi analalamika, basi. Nikaamua kulisoma kwa Kihispania chenyewe, na Kihispania changu ni hiki cha kujifunzia simuni. Sikuanza na maana. Nilianza na mizani, maana hizo ndizo ninazozijua.

Sisi tuliozoea mishororo ya mizani 16, nane kwa nane, tunahesabu kila irabu inayotamkwa. Kihispania kina ujanja wake. Neno likiisha kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu, mara nyingi mbili hizo humezana zikawa mizani moja. Tena mshororo ukiishia kwenye silabi yenye mkazo, unaongezewa moja. "Volverán las oscuras golondrinas" ni mizani 11 bila shida. Unaofuata, "en tu balcón sus nidos a colgar", ukiuhesabu kwa vidole unapata 10, lakini mkazo uko mwisho kabisa, kwa hiyo nao ni 11. Vina navyo havitaki konsonanti zilingane: mshororo wa pili na wa nne hukutana kwenye "a" yenye mkazo, na hiyo inatosha.

Kilichonigutusha ni mshororo wa nne. Katika kila ubeti unakatwa hadi mizani saba. Ah, nikasema, huu si msuko huu! Kibwagizo kifupi kuliko wenzake, kinachomkata msikilizaji pumzi. Na hapo penye ufupi ndipo anapolitia lile "¡no volverán!", hawatarudi.

Baada ya hapo nikageukia viumbe wenyewe. Mbayuwayu wa Ulaya hukimbia baridi na kuja Afrika, kusini mwa Sahara, kisha hurudi kule majira ya machipuko na kujenga viota vya udongo kwenye majengo ya watu. Yaani msomaji wa Sevilla, alikozaliwa Bécquer mwaka 1836, akimwona ndege huyu anajua baridi inaisha. Mimi wa pwani mwaka wangu unakwenda kwa kaskazi na kusi, kwa vuli na masika. Hakuna ndege anayenitangazia kwamba dunia imefufuka. Ilinibidi nijiwekee hilo kichwani kabla ya kila ubeti. Halafu madreselva, mmea unaotambaa ukutani: maua yake hufunguka na kunukia zaidi jua likitua, kama asumini zetu. Kumbe bustani ya shairi lile ni ya saa za jioni, saa za wapenzi kukaa pamoja wakitazama matone ya umande yakitetemeka na kudondoka.

Hapo ndipo ufundi ukaonekana. Bécquer hasemi mapenzi ni kama mbayuwayu. Anasema mbayuwayu watarudi, lakini wale waliopunguza mwendo kuutazama uzuri wako, wale waliojifunza majina yetu, hao hawatarudi. Maua yatapanda tena ukutani, tena mazuri zaidi, ila si yale. (Wataalamu wa ndege wangembishia kidogo: mbayuwayu aliyenusurika safari mara nyingi hurudi pale pale alipojenga mwaka uliopita. Lakini ndege wa shairi hawavishwi pete ya utambulisho mguuni.) Mara ya tatu anayaacha maumbile. Maneno ya mapenzi yatalia tena masikioni mwako, moyo wako huenda ukaamka. Lakini kukupenda kwa kupiga magoti, kama anavyoabudiwa Mungu mbele ya altare, kama nilivyokupenda mimi? Usijidanganye, hawatakupenda hivyo.

Aliyekulia kwenye taarabu anajua hicho ni nini. Ni kijembe. Ndege na maua wote walikuwa wanamtengenezea njia. Tafsiri nilizokuwa nimezisoma zilikifanya kuwa kilio cha mnyonge, na mimi nasema si kilio.

Huyu bwana alikuwa anayajua mashairi yake kwa kichwa, kwa lazima. Mswada wake ulipotea katika mapinduzi ya Uhispania ya 1868, akayaandika upya kwa kukumbuka kwenye daftari aliloliita Kitabu cha Shomoro. Alifariki mwaka 1870 akiwa na miaka 34, na rafiki zake wakayachapisha mwaka uliofuata.

Nilipomaliza nikamchukua Pablo Neruda, mshairi wa Chile, kwa njia ile ile. Kwake inabidi kalenda uigeuze: Chile machipuko huanza Septemba. Mshororo wake ule wa kutaka kumfanyia mpenzi kile ambacho machipuko huifanyia micheri haukuniingia mpaka nilipojua kwamba mti huo hupukutisha majani yote wakati wa baridi, ukabaki matawi matupu, kisha ukafunikwa na maua. Sasa soma tena uone alivyo na makusudi! Neruda alikulia Temuco, kwenye mvua na misitu, na kitabu chake cha mashairi 20 ya mapenzi kilitoka mwaka 1924 akiwa na miaka 19. Kwa harufu ya udongo na ngozi ya mtu simwoni wa kumfikia. Kijembe, hapana, hicho namwachia Bécquer.