Nilivyohamishia mazoezi ya saketi kwenye simu za wanafunzi

Karakana ninayofundishia elektroniki ina mita 4 za kupimia umeme na wanafunzi 28. Kila tukifika kwenye somo la kuchagua rezista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme, nguvu yake ya kuzuia hupimwa kwa omu) ya kulinda taa ya LED, wachache wanashika vifaa na waliobaki wanachungulia mabegani mwa wenzao. Hilo lilinikera kwa muda mrefu.

Nikaamua kuandika mazoezi kwa JavaScript, lugha ya programu, kwa sababu kivinjari cha kila simu tayari kinaielewa. Hakuna cha kusakinisha, hakuna cha kula bando. Faili moja la HTML, msimbo wote umo humo humo. Nililirusha kwa Bluetooth, likawafikia wote, na linafunguka bila intaneti.

Zoezi la kwanza lilikuwa rahisi: betri ya volti 9, LED nyekundu inayohitaji volti 2 hivi, mkondo usizidi miliamperi 20. Unatoa 2 kwenye 9, unagawa kwa 0.02 (miliamperi 20 kwa amperi), unapata omu 350. Unaandika jibu, programu inakuambia umepata au umekosa.

Kwenye swali lililofuata jibu lilikuwa omu 4,700. Binti mmoja akaandika 4k7, kama inavyoandikwa kwenye michoro ya saketi: k ni elfu, nayo inakaa mahali pa nukta, yaani 4.7k. Akaambiwa amekosa. "Samahani mwalimu, nimerudia hesabu mara tatu," akaniambia, na simu yake akaniwekea mezani. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimetumia parseFloat, amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba, nayo husoma tarakimu mpaka ikutane na herufi, kisha inaishia hapo. 4k7 yake ilisomwa kuwa 4. Usiku ule niliandika upya sehemu hiyo ikubali 4k7, 4.7k na 4700. Nikaacha pia kudai majibu yalingane hadi tarakimu ya mwisho, maana JavaScript ukiipa 0.1 na 0.2 ijumlishe, haikupi 0.3 kamili. Sasa jibu likiwa ndani ya asilimia 1 linapita.

Lakini nilipokuwa nalirekebisha nikaona kasoro kubwa zaidi: nani anauza rezista ya omu 350? Ukienda duka la vipuri utapewa 330 au 390. Mwanafunzi wangu alikuwa anapata alama kwa kifaa asichoweza kukinunua.

Nikaondoa kisanduku cha jibu. Mahali pake nikapanga rezista za E12, orodha ya viwango vya kawaida vya rezista: 10, 12, 15, 18, 22 hadi 82, kisha zile zile zikiongezwa sufuri. Mwanafunzi anagusa moja, programu inamwonyesha saketi inavyofanya. Ukiweka 330, mkondo ni miliamperi 21.2, umevuka kidogo. Ukiweka 390, ni 17.9. Ukiweka 33, hesabu inafika 212 na taa kwenye kioo inaungua. Neno "umekosa" nimelifuta kote.

Zoezi lililowasha moto darasani ni la kugawa volti. Rezista mbili za kilo-omu 10 kwenye volti 12, katikati unapata 6. Halafu kuna kitufe cha kuunga mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme huo, wa kilo-omu 10. Ukikigusa, 6 inashuka kuwa 4. Nusu ya darasa wakasema programu imeharibika! Tukaiunga saketi yenyewe kwenye bredibodi, ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu, mita ikasimama karibu na 4. Mzigo umekaa sambamba na rezista ya chini, kwa hiyo mbili hizo zinakuwa kilo-omu 5 tu.

Hapo wakaanza kutafuta wenyewe. Kijana mmoja akabadilisha zote mbili kuwa kilo-omu 1, volti zikabaki 5.7 hata mzigo ukiungwa. Wenzake wakashangilia. Jirani yake akakaa kimya kidogo, akauliza, "Na betri je, mwalimu?" Alikuwa ameona kwamba hata kabla ya kuunga mzigo, rezista hizo zinavuta miliamperi 6, wakati zile za mwanzo zilivuta 0.6.

Wiki hii naongeza sehemu ya kuonyesha betri itadumu saa ngapi.