Jina la Livingstone, Kutoka Ulva

Kwetu Kigoma, Livingstone ni jina la mnara. Wanafunzi hupelekwa Ujiji kuona mahali David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alipokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, wanapiga picha, wanarudi na vumbi lao. Mimi nilitaka kujua ukoo wenyewe ulitoka wapi, ndiyo maana nikajikuta Oban, magharibi ya Uskoti, kwenye foleni ya feri ya kisiwa cha Mull, koti limefungwa hadi shingoni na bado natetemeka.

Feri ilipita karibu na mnara mweupe wa taa, upande wa kulia. Hiyo ndiyo ncha ya kisiwa cha Lismore, ambako ipo familia ya akina Livingstone inayotunza fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari wa karne ya 6. Wapo akina Livingstone wengine, wa mji wa Livingston karibu na Edinburgh, ulioitwa hivyo kwa ajili ya bwana mmoja, Leving, wa karne ya 12. Hawa wa visiwani si ndugu zao. Walikuwa MacLeay, watu wa lugha ya Kigaeli, na hilo jina la nyanda za chini za Uskoti walilivaa baadaye.

Kutoka Mull unavuka tena kwenda Ulva, kisiwa walikotoka mababu wa David, na hapo hupigi simu wala mayowe. Ukutani kuna kibao. Ukikisogeza, rangi nyekundu inajitokeza, na mwenye boti akiiona kutoka ng'ambo anakuja. Nilikisogeza, nikasubiri kama mtu aliyebonyeza kengele ya nyumba ya wakwe.

Ulva ni magugu na kuta za mawe zisizo na paa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliishi hapa watu wapatao 600. Walichoma mwani, na majivu yake yakauzwa kwa watengeneza sabuni na vioo. Vita vya Napoleon vilipokwisha, bei ikaanguka. Mwaka 1846 viazi vikaoza mashambani, na mwenye kisiwa, Francis William Clark, akaanza kuwafukuza wapangaji ili aweke kondoo. Niliingia ndani ya gofu moja. Mahali pa mlango pamebaki, na kondoo wamepageuza kivuli chao. Mwaka 2018 wenyeji walifanikiwa kukinunua kisiwa, ila wakazi bado wanahesabika kwa vidole.

Babu yake David Livingstone hakungoja kufukuzwa. Aliondoka mwaka 1792, kwa sababu shamba halikutosha kulisha watoto. Mzee huyo aliweza kusimulia habari za mababu zake wa vizazi sita, jambo ambalo halimshangazi mtu wa kwetu. Alikwenda Blantyre ya Uskoti, karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde.

Huko nilifika kwa treni kutoka Glasgow. Chumba alichozaliwa David mwaka 1813 bado kipo: kimoja tu, kwa baba, mama na watoto wote. Vitanda vimejengwa ndani ya ukuta, na kingine kilivutwa kutoka chini usiku ulipofika. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kiwandani, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Jumba la makumbusho limewapa nafasi Susi na Chuma, waliobeba maiti yake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Ukoo haukuishia Blantyre. John, kaka mtu, alihamia Canada. Mdogo wao Charles akaenda Marekani. Robert, mtoto wa David, naye alivuka kwenda huko, akaingia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa jina la Rupert Vincent, kwani la baba yake hakutaka kuliaibisha. Alifia mwaka 1864 katika kambi ya wafungwa wa vita huko Salisbury, North Carolina. Mji huohuo leo una chuo kilichoanzishwa na kanisa la Wamarekani weusi, nacho kinaitwa Livingstone.